Wiki Mbili Karibiani na Begi la Shangazi

Mmeniuliza kijiweni pale Chuno, mmeniuliza msikitini, mmeniuliza hata kwenye foleni ya maji nikiwa na ndoo mkononi: "Chande, huko Karibiani kulikuwaje?" Kila nikifungua mdomo mnaanza kucheka kabla sijasema neno. Siwalaumu, ndivyo nilivyowazoesha. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Mtu aliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni akiwa na miaka arobaini na moja, akikaa dawati moja na mabinti wa kuwazaa, hashindwi na karatasi. Habari za pasi, viza na tiketi naziruka. Mihuri ilikuwa mingi kuliko korosho za msimu mzima, na hainogi kusimulia.

Lakini jambo moja lazima mlijue kabla hatujaondoka.

Safari haikuwa yangu, ilikuwa ya shangazi yangu, Bi Esha, dada yake baba. Mwanawe wa pekee, Somoe, anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha meli ya watalii kule Karibiani. Miaka mitatu alikuwa hajakanyaga nyumbani. Mkataba ukiisha anaongeza mwingine. Wafanyakazi wa meli ile huruhusiwa kuleta ndugu kwa bei nafuu, basi Somoe akamchukulia mama yake safari mbili zinazofuatana, meli ileile, chumba kilekile, ili apate naye siku kumi na nne badala ya saba. Mimi niliwekwa kuwa msindikizaji kwa sababu ya Kiingereza changu cha jioni.

Shangazi alifunga begi mwezi mzima kabla. Ndege aliiogopa, hilo tulilijua wote, lakini meli hapana. "Mimi nimevuka Ruvuma kwa mtumbwi nikiwa mgongoni kwa mama," alikuwa akisema, "viboko wananichungulia huku na huku. Meli itanifanya nini?"

Siku tisa kabla ya safari, asubuhi, alikuwa anaanika mihogo uani. Akakaa chini kama mtu anayepumzika. Hakuinuka. Alasiri tulikuwa tumeshamzika.

Jioni ile baba akatuita. Yeye ndiye mjomba wake Somoe, na kwetu mnajua, mjomba akisema kwa mtoto wa dada yake hakuna wa kumpinga. Akasema, "Hakuna mtu atakayempigia Somoe simu. Yuko peke yake katikati ya maji, akianguka nani atamshika? Chande ana tiketi. Atakwenda, atamwambia uso kwa uso."

Mama mdogo mmoja akauliza, "Chande huyu? Si mtani wake?"

"Ndiyo maana," baba akajibu. "Mtani ndiye anayejua kumshika aliyefiwa."

Nawaambia ukweli, kosa letu lilianzia hapo, nasi tulitikisa vichwa kukubali, kama watu wenye akili. Mimi na Somoe ni mabinamu. Nimempita miaka kumi na mbili, na maisha yake yote hajawahi kuniamkia. Ananiita Kobe. Mimi namwita Bi Sabuni. Mwaka juzi nilimpigia simu kumwambia baba yangu amefariki, akalia dakika mbili, kisha nikampa baba simu akiwa anatafuna muhogo. Tulicheka mwaka mzima.

Simu ya shangazi ikazimwa. Nikamwandikia Somoe: simu ya mama imeharibika, tutaonana melini.

Mtwara hadi Dar: kukwama Somanga

Basi liliondoka Mtwara alfajiri likiwa na pupa ya kufika mapema. Nilikuwa na mabegi mawili, langu la mgongoni na la shangazi, la kijani, lenye zipu aliyoikaza kwa kitambaa chekundu ili lisipotee. Nilikataa kuliweka chini kwenye buti. Nikalipakata kama mtoto mchanga mpaka Lindi, na kutoka Lindi mpaka Somanga, ambako bomba la maji la injini lilipasuka tukakaa saa sita. Jua lile lingeweza kukaanga samaki bila mafuta, lakini akina mama wa Somanga walikuwa na mafuta, kwa hiyo nilikula changu wanne, na mmoja zaidi kwa ajili ya majonzi.

Mama aliyekuwa anauza akaniangalia. "Baba, begi hilo la mkeo?"

"La shangazi."

"Yuko wapi, nimuuzie na yeye?"

Nikasema yuko ndani ya basi. Sijui kwa nini. Akanifungia samaki mmoja kwenye gazeti, "Mpelekee, mtu mzima asikae na njaa." Nikampokea. Nilimla mwenyewe tulipopita Kibiti, miiba inanikwama kooni.

Dar hadi Florida: mtu wa kwanza kumwambia

Ndege zilikuwa mbili, na ya pili ilikuwa ndefu kiasi kwamba niliota ndevu, nikazeeka, nikasahau majina ya watoto wangu. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu. Mhudumu alipopita alisema nina bahati, naweza kunyoosha miguu. Sikuinyoosha.

Huko Florida, uwanja wa ndege, nikasimamishwa na mbwa. Alilikalia begi la shangazi kama amelipia. Askari wa forodha, mwanamke mnene mwenye glavu, akafungua kile kitambaa chekundu, akaanza kutoa kimoja kimoja: magauni mawili, khanga doti moja ambayo haijakatwa, ubani, dawa za presha, korosho za kukaanga kilo tatu, msahafu mdogo, na miwani ya kusomea iliyofungwa kwa uzi mkono mmoja.

"Hizi ni zako?" akauliza.

"Za shangazi yangu."

"Naye yuko wapi?"

Nikatafuta Kiingereza. Kiswahili tuna njia mia za kuzunguka: hatunaye, ametutangulia, amepumzika. Mwalimu wetu wa jioni hakutufundisha hata moja kwa Kiingereza. Nikasema, "Amekufa."

Yule mama akaacha kupekua. Akasema pole. Akarudisha vitu vyote, akakunja khanga vizuri kuliko ilivyokuwa, akafunga kitambaa chekundu mafundo mawili, akanipitisha na korosho zangu zote. Nilimwambia mara moja tu, akaamini. Nikatembea kuelekea bandarini nikijisemea, kumbe ni rahisi namna hii.

Wiki ya kwanza: kofia ya Nasau

Meli yenyewe sijui niieleze vipi. Chukueni Shangani ya Mtwara yote, nyumba na barabara na wale wanaotembea jioni kupunga upepo, ipandisheni ghorofa kumi na nne, na bado mtabakiwa na nafasi ya kuanika mihogo ya Chuno. Siku ya kwanza nilipotea mara tisa. Nilipanda ngazi mpaka magoti yakaomba talaka. Chakula kilikuwa cha kujipakulia tangu asubuhi hadi usiku, na watu walijipakulia kama kesho kuna vita.

Chumba kilikuwa na vitanda viwili. Mtunza chumba alikuwa mwanaume wa makamo kutoka Indonesia, jina lake Yono. Alitandika vyote viwili, juu ya kila mto akaweka chokoleti moja, na juu ya kitanda cha pili akaweka tembo aliyemkunja kwa taulo. "Mama?" akauliza akionyesha kitanda. Nikainua mabega. Akadhani maana yake ni baadaye.

Somoe aliruhusiwa kuonana nami kwa saa moja kila alasiri, kwenye mgahawa mdogo wa ghorofa ya tano. Alikuja mbio, na sare yake nyeupe, mikono imebabuka kwa dawa za kufulia. Amenenepa, amekuwa mzuri. Macho yake yakanipita, yakaangalia nyuma yangu.

"Kobe! Mama yuko wapi? Umemuuza njiani?"

Jamani. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu Kibiti. Lakini mdomo wangu una mwenyewe, si mimi. "Nimemuuza Somanga," nikasema, "kwa changu wanne."

Akacheka mpaka watu wakageuka. Nami nikacheka. Kisha nikajikaza, nikamshika mkono. "Somoe. Mama hayupo. Tumemzika."

Akanipiga kofi la bega. "Na baba yako je, bado anatafuna muhogo kaburini? Wewe mtu huzeeki!" Kisha uso ukamshuka kidogo. "Sema ukweli. Kaogopa ndege, eti? Kafika uwanja wa ndege akagoma. Mimi nilijua. Nilisema moyoni, yule mama ndege hapandi."

Akawa ananiangalia, anasubiri. Hadithi alishaitunga mwenyewe, nzima, na ndani yake mama yake alikuwa amekasirika nyumbani, mzima wa afya. Mimi kazi yangu ilikuwa kusema hapana.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Ndugu zangu, hicho ndicho nilichokifanya. Mengine yote ya safari hii ni maelezo tu.

Siku zilizofuata alinisumbua nimpigie mama. Nikasema yuko shambani, mtandao hakuna. Akamtumia ujumbe wa sauti: anamcheka, anamwimbia, anamwambia leo tumefua mashuka elfu ngapi sijui. Akanisikilizisha kabla ya kutuma. "Haujafika," alikuwa akisema kila tukikutana, akiangalia simu. "Mwambie baba yako amnunulie mama simu nyingine, bahili yule."

Tulipofika Nasau, mojawapo ya bandari za visiwani, yeye hakuwa na ruhusa ya kushuka, akanituma kofia ya ukindu kwa ajili ya mama, pana, ya kwendea shamba. Nikamkuta mama mmoja mtu mzima anasuka kofia sokoni, mikono inakwenda kama ya mama zetu wanaosuka mikeka. Akaniuliza kichwa cha mvaaji ni kikubwa kiasi gani. Nikaweka viganja hewani, kulia na kushoto, nafasi ya kichwa cha shangazi katikati. Akapima ile nafasi kwa kamba.

Alasiri Somoe aliivaa, akaivuta chini mpaka kwenye nyusi kama mama yake avaavyo ushungi, akanikemea kwa sauti ya shangazi hasa: "Chande! Umekula?" Nikacheka. Kicheko kilitoka, mtu angeniona angesema huyu ana raha. Niliporudi chumbani niliwakuta tembo wa taulo na chokoleti. Za juu ya mto wa shangazi sikuzigusa, nilizipanga dirishani. Mimi, ambaye nilikuwa nakula mara sita kwa siku.

Siku ya kugeuza

Siku ya nane meli hurudi Florida kushusha watu wote na kupakia wengine. Sisi wa kuendelea safari ya pili hatukuzidi ishirini. Tulipewa kadi za njano, tukakusanywa ukumbini, tukasubiri saa mbili. Meli ilikuwa tupu. Ngazi ambazo juzi zilikuwa na kelele kama mnada, sasa unasikia viatu vyako. Tukatolewa nje kwa mstari, tukagongewa mihuri, tukarudishwa ndani kwa mlango uleule.

Kule nje nilipata mtandao, nikampigia baba.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kalia?"

"Kacheka, baba."

Nilisikia kuku wa nyumbani, na bajaji inapita. "Basi hujamwambia," akasema. "Siku saba, Chande?"

"Siku saba."

"Mpe begi la mama yake. Wewe funga mdomo."

Alasiri, kabla meli haijaondoka, Somoe alikuja akiwa amechoka sana, maana siku ya kugeuza hufua mashuka ya meli nzima. Nilikuwa nimeliweka begi juu ya meza. Akakitambua kitambaa chekundu.

"Eh! Kumbe alikutuma vitu, siku zote umekalia! Mwizi mkubwa."

Akafungua. Akatoa korosho, akatafuna moja. Akanusa ubani, akafumba macho. Akatoa gauni la kwanza, akalitandaza mapajani, halafu la pili, na mikono yake ikaanza kwenda polepole. Akatoa dawa za presha, akazitikisa, kopo limejaa. Akaniangalia. Nikaangalia meza. Akatoa ile miwani yenye uzi mkono mmoja, akaishika.

"Kobe. Miwani yake hii hapa. Yeye huko anasomea nini?"

Mdomo wangu, ambao haujawahi kukosa cha kusema tangu nizaliwe, ulikosa.

"Anasomea nini, Chande?"

Hilo Chande ndilo lililonivunja. Nililia mimi kwanza, nawaambieni, mwanaume mzima mbele ya watalii wenye kaptura. Yeye hakulia. Aliikunja miwani, akairudisha, akakunja gauni, moja, la pili, pembe kwa pembe, kama wanavyokunja kule chini. Kisha akauliza lini. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole. Alipofika kwenye ile alasiri tuliyoonana mara ya kwanza, kidole kikasimama hapo.

Wiki ya pili: mambo yaleyale

Aliomba kushuka siku ileile. Msimamizi wake, mtu mwema tu, akamwambia wa kushika nafasi yake atapatikana meli ikirudi, baada ya siku saba. Akampa siku mbili za kupumzika. Alizikataa. Chumba chake kilikuwa cha watu wanne, chini ya usawa wa maji, bila dirisha. Akasema akilala humo atadhani yeye ndiye aliyezikwa. Akarudi kufua.

Wiki ya pili ya safari ya namna hii, ndugu zangu, ni adhabu hata kwa mtu asiye na msiba. Visiwa ni vilevile, kwa mpangilio uleule. Mtangazaji wa meli alitoa mzaha uleule kuhusu ngazi, abiria wapya wakacheka palepale walipochekea wale wa kwanza. Chakula cha Jumanne kilikuwa cha Jumanne. Mimi nilikuwa nakula ndizi moja na chai. Yono alishasikia habari, melini habari hushuka na kupanda bila lifti. Niliporudi chumbani jioni moja, kitanda cha pili kilikuwa kimekunjwa ukutani. Hapakuwa na tembo. Zile chokoleti za dirishani hakuzigusa.

Kila alasiri nilikwenda ghorofa ya tano. Siku tatu Somoe hakutokea. Siku ya nne alikuja, akakaa, akaweka mikono mezani.

"Wewe si mtani?" akasema. "Baba yako alikutuma kwa kazi hiyo. Haya. Nichekeshe."

Mnajua kwetu mtani anavyofanya kwenye matanga. Analala mahali pa maiti, anadai alipwe ndipo kaburi lichimbwe, anamwiga marehemu hata wafiwa wanashika mbavu. Nimeifanya kazi hiyo Chuno, nimeifanya mpaka vijiji vya mtoni, nasifiwa. Nikafungua mdomo nimwige shangazi: "Chande, umekula?" Sauti ilitoka kama ya mtu anayezama.

Somoe akaniangalia mpaka mwisho. Akasema, "Ulinifanya nimchekeshe mama yangu siku saba, yeye yuko ardhini. Nimemwimbia. Kofia nimevaa." Akainuka, akarudi kazini.

Nasau tena. Nilipita mbali na soko, lakini yule mama msusi aliniona, akaita kwa sauti: je, mama ameipenda kofia? Imemtosha? Nikamfuata. Nikamwambia kwa Kiingereza changu chote, tangu mihogo mpaka miwani. Alinivutia stuli, nikakaa pembeni yake, akaendelea kusuka mpaka honi ya meli ikalia.

Kurudi nyumbani

Tulirudi pamoja, Somoe kiti cha dirishani, begi la kijani miguuni pake, kofia juu yake. Safari hii basi halikuharibika popote. Somanga tulisimama kidogo tu, na yule mama wa samaki akanitambua, akachungulia dirishani. "Shangazi ndiye huyu? Mbona kijana!" Somoe akaniangalia. Nikanunua changu wawili. Hakuna aliyekula.

Tuliwahi arobaini. Somoe alikwenda kaburini na baba, mimi nikabaki kupanga viti. Jioni watu wakaanza: Chande, hebu tuchekeshe, mtani gani amekaa kama shehe? Nikasema koo linauma. Kofia ya Nasau imetundikwa msumarini chumbani kwa shangazi. Miwani ipo juu ya msahafu.

Somoe hakuirudia meli. Amefungua kibanda cha kufua na kupiga pasi hapa Chuno, mnakijua, hatua chache kutoka kwangu. Ndiyo sababu huwa mnaniona nazunguka njia ya nyuma, na mnanicheka kwamba nina deni. Sina deni la pesa.

Leo asubuhi nilisahau, nikapita mbele. Alikuwa anaanika mashuka. Nikasimama nikingoja aniite Kobe, aniulize gamba nimeliacha wapi, anitukane hata kidogo. Alinigeukia, akafuta mikono kwenye khanga, ile doti ya begini, akainamisha kichwa kama binti aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Nikaitikia marahaba, nikaendelea na njia.